Kadi ya afya ya dereva wa lori Marekani: namna ya kujiandaa bila kuficha ugonjwa

Mwaka wangu wa kwanza kuendesha semi, yaani lori la trela, huku Ohio, nilifika kupimwa kwa ajili ya kadi ya afya, ile inayothibitisha kwamba dereva anafaa kuendesha, nikiwa nimepanda ngazi mbio, kahawa ya tatu ya asubuhi iko tumboni na mkojo umenibana. Mashine ya presha ikasoma 164 kwa 102. Nilitegemea kadi ya miaka 2, nikatoka na ya miezi 3. Hakuna aliyenionea. Sikujua tu kwamba upimaji huu una maandalizi yake kama mtihani wowote, na sikuwa na wa kunieleza kwa Kiswahili.

Tangu siku ile nimeulizwa mambo haya na Wakongo wa Dayton, Wakenya wa Texas na Watanzania wenzangu kila kona. Maswali ni yaleyale na hofu ni ileile: "Wakijua nina sukari, si ndiyo mwisho wa kazi?" Basi nimeamua kuyaandika yote pamoja. Ninaloliamini kuliko yote, na utaliona likirudi humu ndani, ni kwamba ugonjwa ukisemwa, mara nyingi sheria imeshautengea njia. Ukifichwa, njia hiyo unaifunga mwenyewe.

Kwanza, jua kama sheria inakuhusu

Wengi hudhani kadi ya afya ni ya mwenye CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara, peke yake. Sivyo. Sheria ya shirikisho inamhusu kila anayeendesha gari la biashara linalovuka majimbo, au linalobeba mzigo ulio katika safari ya kuvuka majimbo, ikiwa uzito wake uliopangwa na mtengenezaji ni pauni 10,001 au zaidi, yaani kama kilo 4,536. CDL yenyewe huanza kudaiwa kwenye pauni 26,001. Katikati hapo ndipo vijana wetu wengi walipo: wanaendesha malori ya boksi ya futi 26, ambayo kwa makusudi hutengenezwa chini kidogo ya pauni 26,001. CDL hudaiwi, kadi ya afya unadaiwa. Polisi wa barabarani anajua tofauti hiyo hata kama aliyekuajiri haijui.

Sheria inawagusa pia wanaobeba abiria kwa malipo kwenye gari la watu zaidi ya 8 ukimhesabu dereva, na wanaobeba mizigo ya hatari inayohitaji mabango. Kama kazi yako haitoki kabisa nje ya jimbo lako, fuata kanuni za jimbo hilo. Majimbo mengi yameiga za shirikisho, ila yapo yenye tofauti, kwa hiyo uliza ofisi ya leseni ya kwenu.

Mtafute mpimaji aliyesajiliwa

Si kila daktari anaruhusiwa kutoa kadi hii. Tangu Mei 21, 2014, anayepima lazima awe kwenye Rejesta ya Taifa ya FMCSA, wakala wa shirikisho unaosimamia usalama wa malori na mabasi chini ya Wizara ya Uchukuzi, ile DOT. Daktari wako wa miaka kumi, anayekujua wewe na wanao, kama hayumo humo, sahihi yake haikusaidii. Kwa upande mwingine, muuguzi mwenye mamlaka ya juu, msaidizi wa daktari, hata mtaalamu wa kunyoosha mifupa ya mgongo anaweza kukupima endapo jimbo lake linamruhusu na amesajiliwa. Kwenye tovuti ya rejesta hiyo unaandika namba ya posta ya mtaa wako, majina yanatoka.

Ukipiga simu kuweka miadi, uliza mambo matatu. Bei kwanza, maana serikali haikuipanga na bima nyingi za afya hazilipi. Mara nyingi ni kati ya dola 75 na 150, na kampuni nyingine humlipia dereva. Pili, uliza kama wanapima macho na masikio palepale. Tatu, kama wewe ni mwanamke na unataka kupimwa na mwanamke, au mwanaume kwa mwanaume, liseme siku hiyohiyo ya simu. Upimaji unahusisha kuguswa tumbo, na kwa wanaume huangaliwa ngiri. Ni ombi la kawaida, na watu wa mapokezi wamelizoea.

Utasikia pia habari za mtu fulani anayetoa kadi bila kukugusa. Usiende. Mpimaji wa namna hiyo akikamatwa na kuondolewa kwenye rejesta, kadi alizozitoa huwa mashakani, na unaweza kuamriwa kupimwa upya ndani ya muda mfupi, mzigo ukiwa mgongoni.

Kusanya karatasi wiki kadhaa kabla

Hapa ndipo watu hupoteza kadi zao, hata walio wazima. Mpimaji hakujui. Anakuona kwa nusu saa, na akikosa ushahidi kwamba ugonjwa wako umedhibitiwa, hawezi kuubuni.

Nenda na leseni yako. Nenda na miwani au lenzi unazoendeshea, na kifaa cha kusikilizia kama unakitumia, chenye betri. Andika orodha ya dawa zote: jina, kipimo, mara ngapi kwa siku, nani aliyekuandikia, pamoja na zile unazojinunulia dukani na mitishamba uliyotumiwa kutoka nyumbani. Mitishamba nimeitaja kwa makusudi. Mpimaji hawezi kujua kilichomo kwenye chupa ya mwarobaini, lakini anahitaji kujua kwamba unainywa.

Kama una sukari, beba kipimo cha karibuni cha A1C, kile cha wastani wa sukari ya miezi michache. Kama umewahi kuugua moyo, beba barua ya daktari wa moyo inayosema umefikia wapi. Kama unalala na mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa ili pumzi isikatike usingizini, omba taarifa ya matumizi yake, nami nakushauri iwe ya siku 90. Dawa yako ikiwa ni ya usingizi, ya wasiwasi au ya maumivu makali, mpimaji anaweza kumtaka daktari aliyeiandika ajaze fomu ya MCSA-5895 kueleza kama inakuruhusu kuendesha. Ukienda nayo ikiwa imejazwa, umeokoa safari ya pili.

Yote hayo yanataka muda. Kwa hiyo weka miadi mwezi mmoja na nusu kabla kadi ya zamani haijaisha. Kadi mpya huhesabiwa kuanzia siku uliyopimwa, si siku ile ya zamani inapokwisha. Ni kweli utapoteza wiki chache, lakini wiki hizo ni nafuu kuliko kukaa nyumbani unasubiri barua ya daktari huku malipo ya lori yanakungoja.

Siku mbili tatu kabla, na asubuhi yenyewe

Dawa zako za presha zinywe kama kawaida. Kuna watu huziacha asubuhi ya kupimwa eti zisionekane kwenye mkojo. Mkojo wa kadi ya afya haupimwi dawa za presha. Wanaangalia mambo manne tu: uzito wa mkojo, protini, damu na sukari. Ukiacha dawa, unachokionyesha ni presha iliyopanda.

Dawa za mafua za kuzibua pua, hasa zenye pseudoephedrine, hupandisha presha. Ziache kama unaweza. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake, maana mkojo mzito wa mtu aliyekaukiwa huzua maswali. Dada aliye kwenye siku zake achague tarehe nyingine, kwa sababu damu ikionekana kwenye mkojo ataambiwa akachunguzwe figo.

Asubuhi ile usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, na ufike mapema. Kabla ya kufungwa mkanda wa presha, nenda haja ndogo. Keti dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu miwili sakafuni bila kupishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkono wa shati umepandishwa. Mashine ikisoma juu, usibishane. Omba kwa adabu upumzike upimwe tena. Mimi ningeyajua haya siku ile, pengine ningetoka na kadi ya mwaka.

Kujaza fomu

Fomu inaitwa MCSA-5875. Ukurasa wa kwanza ni wako, na ndio ninaotaka tuuzungumze kwa kirefu.

Kuna orodha ya maswali ya ndiyo na hapana, zaidi ya 30: umewahi kuumia kichwa, kupata degedege au kifafa, kiharusi, ugonjwa wa moyo, presha, sukari, kuzimia, kizunguzungu, kukosa usingizi, kukoroma sana, kulazwa hospitalini, kufanyiwa upasuaji, kutumia bangi au dawa za kulevya. Chini unatia sahihi kwamba ulichoandika ni kweli na kimekamilika, na kwamba uongo unaweza kubatilisha upimaji na kadi, tena ukakuletea adhabu ya faini au ya jinai. Soma kila swali. Kama Kiingereza cha hospitali kinakupiga chenga, fomu hiyo iko kwenye tovuti ya FMCSA bure. Ipakue nyumbani, kaa na mtoto wako anayesoma hapa, mpitie swali moja moja kabla ya siku yenyewe. Si aibu. Aibu ni kutia alama ya "hapana" kwenye safu nzima kwa sababu hukuelewa.

Najua watu wanavyofikiri, kwa sababu nami nilifikiri hivyo. Kwetu tumezoea kwamba karatasi ya afya ni muhuri tu: unalipa, inagongwa, unaondoka. Halafu huku una mkopo wa lori, una watoto, una mama nyumbani anayesubiri hela ya mwezi. Swali la sukari unaliona kama mtego. Lakini tazama linavyokwenda likifichwa. Siku ikitokea ajali, hata kosa likiwa la mwingine, mawakili huomba kumbukumbu zako za hospitali na za duka la dawa. Wakikuta umekuwa ukichukua insulini miaka 4 na fomu inasema hapana, kesi haihusu tena nani aliingia njia ya nani. Na hapo nimezungumzia mahakama tu, sijamzungumzia mtu aliyekuwa kwenye gari dogo mbele yako.

Nina mzee mmoja namheshimu sana, mtu wa Uvira, Kongo. Mwaka 2017 alianza kudungwa insulini, akaambiwa kwamba lori la kuvuka majimbo sasa basi. Akaiacha CDL, akaenda kubeba maboksi ghalani usiku, umri wake umekwenda. Mwaka 2021 tulikutana kwenye msiba, nikamwambia, "Mzee, ile sheria imebadilika." Hakuniamini. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Ilikuwa imebadilika tangu Novemba 2018, na kwa karibu miaka 3 hakuna aliyemwambia.

Chumbani: wanachoangalia

Macho. Kila jicho peke yake, na yote mawili pamoja, lifikie 20/40, kwa miwani au bila. Maana yake kwa futi 20 usome kile ambacho jicho zuri hukisoma kwa futi 40. Upande wa kuona kwa kando, kila jicho lifike angalau nyuzi 70. Na uweze kutambua rangi za taa: nyekundu, kijani na ya njano. Ukipita kwa miwani, kadi itaandikwa kwamba lazima uivae ukiendesha, basi weka ya akiba kwenye lori. Kama ni miaka imepita hujapima macho, nenda kwa daktari wa macho kwanza. Miwani ya dola 100 imeokoa kadi nyingi.

Masikio. Mpimaji anasimama futi 5 kutoka kwako, ananong'ona, unarudia alichosema. Inatosha sikio lililo bora lisikie, na kifaa cha kusikilizia kinaruhusiwa. Njia nyingine ni mashine: upotevu wa wastani usizidi desibeli 40 kwenye masafa ya hezi 500, 1,000 na 2,000. Asiyesikia kabisa anaweza kuomba msamaha maalumu wa FMCSA, na wapo viziwi wanaoendesha semi kwa njia hiyo.

Baada ya hapo ni mwili kwa jumla: urefu, uzito, moyo, mapafu, tumbo, mgongo, viungo, mishipa ya fahamu, namna unavyotembea. Aliyepoteza mkono, mguu au kidole kwa kiasi kinachoathiri kushika usukani asikate tamaa. Kuna cheti cha SPE, kinachotolewa baada ya kuonyesha barabarani kwamba unalimudu gari.

Presha kwa namba zake

Huu ni mwongozo unaofuatwa na wapimaji wengi. Si amri ya sheria yenyewe, hivyo mpimaji ana nafasi ya kutumia akili yake. Chini ya 140 kwa 90, miaka 2. Kati ya 140 na 159 juu, au 90 na 99 chini, mwaka 1. Kati ya 160 na 179, au 100 na 109, unapewa miezi 3 mara moja tu, ukaishushe. Kuanzia 180 au 110 hupewi kitu mpaka ishuke, na ikishashuka unapimwa kila miezi 6.

Kwa hiyo mwenye presha anayekunywa dawa zake na kusoma 132 kwa 84 yuko mahali pazuri kuliko yule anayesema hana presha na kusoma 170. Nunua mashine ndogo ya mkononi, ikae kwenye lori, jipime asubuhi. Andika. Mwaka wa pili nilimpelekea mpimaji daftari langu la wiki 8, na nikaona uso wake ulivyobadilika.

Sukari

Anayetumia vidonge, kama metformin, hana katazo la sheria. Mpimaji ataangalia kama sukari imetulia, kama macho na miguu ni mizima, na mara nyingi atatoa kadi ya mwaka 1.

Anayetumia insulini anafuata utaratibu ulioanza Novemba 19, 2018, na mpangilio wake ni huu. Daktari anayekutibu sukari hujaza fomu ya MCSA-5870. Kutoka siku anayoitia sahihi, una siku 45 za kupimwa. Zikipita, anaanza upya. Unatakiwa uwe na vipimo vya sukari vya miezi 3 vilivyotunzwa na mashine yenyewe kwa tarehe na saa, siyo vya kuandika kwenye karatasi. Kama huna miezi 3, mpimaji anaweza kukupa kadi fupi isiyozidi miezi 3 ili ukusanye. Ukikamilisha, unapata hadi miezi 12. Mawili tu yajue vizuri. Sukari ikishaharibu mishipa ya nyuma ya jicho kwa kiwango kikali, kadi haitolewi tena. Na ukipata tukio la sukari kushuka mpaka ukazimia au ukahitaji kusaidiwa na mtu mwingine, unasimama kuendesha hapohapo, unarudi kwa daktari wako akuchunguze na ajaze fomu mpya.

Ndugu zangu Waislamu, hili la sukari na mwezi wa Ramadhani nalisema kwa mapenzi. Kuchoma insulini, kufunga na kuendesha kwa muda wa saa 10 ni hatari ya wazi. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Wewe ni vyote viwili. Zungumza na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, na uwe na tende au juisi karibu na kiti wakati wote wa mwaka.

Kukoroma

Hakuna kanuni yenye jina la ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na kwa sababu hiyo kila mpimaji ana kipimo chake. Wengi huangalia uzito, shingo nene, presha isiyoshuka, na jibu lako kwenye swali la kukoroma. Kwa wanaume, shingo ya inchi 17 kwenda juu humfanya mpimaji akuulize zaidi. Anaweza kukupeleka ukapimwe usingizi. Ukipewa mashine ya CPAP, kipimo kinachotumika ni kuivaa angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku. Mashine inajihesabia yenyewe.

Wanaume wetu huichukia. Naomba muulizeni mke, yeye ndiye anayejua unavyonyamaza katikati ya usiku kisha ukashtuka kama mtu aliyetoka majini. Baada ya mwezi mmoja na mashine utashangaa kwamba ule usingizi wa saa nane mchana, uliodhani ni wa ugali, ulikuwa ugonjwa.

Kifafa, jicho moja na moyo

Historia ya kifafa huzuia kadi ya kawaida. Hata hivyo kuna msamaha wa FMCSA: kwa kifafa, miaka 8 bila kuanguka, uwe unakunywa dawa au huzinywi; kwa tukio moja la degedege lisilo na sababu, miaka 4. Homa kali ya utotoni iliyokuletea degedege ni habari tofauti, ieleze kama ilivyokuwa usiiite kifafa.

Mwenye jicho moja zima alikuwa akisumbuka na msamaha kwa miaka mingi. Tangu Machi 22, 2022, daktari wa macho anajaza fomu ya MCSA-5871, unapimwa ndani ya siku 45, na unaweza kupata kadi ya mwaka 1. Wa mara ya kwanza hufanyiwa pia jaribio la barabarani na kampuni.

Kwa moyo, kaa na daktari wako. Baada ya mshtuko wa moyo au upasuaji kuna muda wa kusubiri. Kifaa cha kuushtua moyo kinachopandikizwa kifuani, kwa mwongozo uliopo, humtoa mtu kwenye lori.

Bangi, miraa, na kile kipimo kingine

Kupimwa afya na kupimwa dawa za kulevya ni vitu viwili, hata vikifanywa jengo moja asubuhi moja. Cha dawa kinaangalia bangi, kokeini, afyuni na jamii yake, amfetamini na PCP, na ukifeli jina linaingia kwenye hifadhidata ya Clearinghouse, iliyoanza Januari 6, 2020. Tangu Novemba 18, 2024, aliyemo humo kwa kosa ambalo hajalimaliza huondolewa haki ya CDL na jimbo lake.

Bangi hata kama jimbo lako linaiuza dukani, DOT haiitambui, hata kwa karatasi ya daktari. Na miraa, au mairungi, ndugu wa Meru, Eastleigh na Kampala: cathinone iliyo kwenye jani bichi imo katika kundi la kwanza la dawa zilizokatazwa na sheria ya shirikisho, na kanuni ya afya inamkataza dereva chochote cha kundi hilo. Kenya ni biashara halali na mazungumzo ya jioni. Huku ni kesi.

Majibu manne

Unaweza kuambiwa umekidhi, miaka 2. Au umekidhi kwa kufuatiliwa: miezi 3, 6 au mwaka 1. Au jibu linasubiri karatasi, na hapo una hadi siku 45 kuzileta, huku kadi yako ya zamani ikiendelea kufanya kazi kama haijaisha. Au hujakidhi. Ukikataliwa, omba uelezwe sababu hasa na nini kingebadilisha jibu. Una haki ya kwenda kwa mpimaji mwingine, ila mpe historia ileile. Matokeo yote mawili hufika FMCSA, na tofauti ya maelezo itaonekana.

Ukishapata kadi

Tangu Juni 23, 2025, mpimaji hutuma matokeo kwenye rejesta kwa mtandao, nayo huyapeleka ofisi ya leseni ya jimbo ya mwenye CDL. Majimbo hayakuanza yote siku moja, kwa hiyo usiamini tu kwamba yamefika. Omba nakala ya karatasi, MCSA-5876, ipige picha, na baada ya siku chache ingia kwenye akaunti yako ya ofisi ya leseni au piga simu uone kama tarehe mpya imeingia. Wapo walioondolewa CDL wakiwa na kadi halali mfukoni, kwa sababu kumbukumbu ya jimbo ilikuwa ya zamani. Hakikisha pia umejitangaza kwa ofisi hiyo katika kundi sahihi, la kuvuka majimbo au la ndani ya jimbo. Asiye na CDL yeye aibebe kadi yenyewe garini kila siku, maana kwenye mizani ndiyo atakayoulizwa.

Ukiumia au kuugua katikati ya muda wa kadi kiasi cha kuathiri uendeshaji, unatakiwa upimwe upya kabla ya kurudi barabarani, hata kama tarehe iliyoandikwa bado mwaka mzima.

Mzee wa Uvira alipeleka fomu yake ya 5870 na vipimo vya miezi 3 mwanzoni mwa 2022. Kadi ya kwanza ilikuwa ya miezi 12, na kila mwaka anairudia. Ukumbusho wake kwenye simu umewekwa siku 120 kabla ya mwisho, ili vipimo vya miezi 3 viwe vimekamilika na daktari wake apate nafasi ya kujaza fomu. Kama unatumia insulini, weka kama yeye. Kama hutumii, siku 60 zinatosha.